Kwa Nini Daktari wa Marekani Anahamia Udaktari wa Ada

Tangu mwaka 1996 imezuka nchini Marekani aina ya udaktari ambayo huko imepewa jina la mtumishi wa hoteli kubwa, yule anayesimama karibu na mlango ili amtimizie mgeni tajiri kila haja yake. Sisi katika makala haya tutauita udaktari wa ada. Mpango wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mtu hulipa ada kila mwaka au kila mwezi, awe anaumwa au awe mzima. Kwa ada hiyo humpata daktari mwenye wagonjwa wachache, anayempokea siku ile ile au kesho yake, anayekaa naye nusu saa au zaidi, na ambaye hata usiku hupokea simu yake. Daktari kwa upande wake hupunguza orodha ya wagonjwa wake kutoka elfu mbili na zaidi mpaka mia chache tu.

Wako wanaosema kwamba madaktari hawa ni walafi waliousahau wito wao. Wako wengine, hasa wafanyabiashara wa mipango hiyo, wanaosema kwamba ni mashujaa wanaourudisha udaktari wa zamani wa kumjali mgonjwa. Maelezo yote mawili yana kasoro moja. Yanatafuta chanzo cha jambo la jamii ndani ya moyo wa mtu mmoja mmoja. Ulafi na huruma ni vitu vya tangu zamani; kwa nini basi jambo hili lizuke mwaka 1996, lisizuke mwaka 1926? Na kwa nini lizuke kwanza katika nchi yenye hospitali nyingi na mitambo mingi? Maswali ya namna hii hayajibiwi kwa mahubiri. Hujibiwa kwa historia. Hatuna budi kuuliza: daktari wa Marekani alilipwa na nani, alilipwa kwa kipimo gani, na nani alikuwa mwenye muda wake?

Fundi mwenye zana zake

Katika karne ya 19 daktari wa Marekani alikuwa mzalishaji mdogo. Alikuwa na mkoba wake, farasi wake na chumba chake cha kupokea wagonjwa. Alilipwa na mgonjwa mwenyewe, mkononi. Na shambani mara nyingine alilipwa kwa kuku au kwa nafaka. Hakuwa na tajiri wa kumwajiri. Alikuwa fundi, kama seremala au mhunzi, na kama mafundi wengine alijiunga na wenzake ili kuilinda kazi yake. Mwaka 1847 kiliundwa Chama cha Madaktari cha Marekani.

Mwaka 1910 ilitolewa taarifa maarufu ya Abraham Flexner, aliyekuwa ametumwa na shirika la Carnegie kuzikagua shule 155 za udaktari za Marekani na Kanada. Taarifa hiyo ilifichua uchafu mwingi wa kweli: shule zisizo na maabara, walimu wasiofundisha, na vyeti vilivyouzwa kama bidhaa dukani. Shule nyingi zilifungwa baada ya hapo, na elimu ya udaktari ikapanda. Lakini gharama yake haikuwaangukia watu wote sawasawa. Katika shule saba za udaktari za Wamarekani weusi zilibaki mbili tu: Howard mjini Washington na Meharry mjini Nashville. Madaktari wakawa wachache, elimu yao ikawa ghali, na heshima na kipato chao vikapanda. Ndipo fundi yule alipoanza kuwa bwana.

Ni muhimu kulishika jambo hili tangu mwanzo. Uhuru wa daktari wa Marekani, ambao hata leo anaulilia, haukuwa zawadi ya asili. Ulijengwa juu ya uchache, na uchache huo ulilindwa na chama chake.

Bima yazaliwa mikononi mwa wenye mali

Mwaka 1929 hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor mjini Dallas ilikuwa na vitanda vitupu na madeni mengi. Kiongozi wake, Justin Ford Kimball, aliwaendea walimu wa shule za mji huo na mpango huu: kila mwalimu alipe senti 50 kwa mwezi, naye akiugua atapata siku 21 za kulazwa bila malipo mengine. Mpango huo ndio uliokuwa mbegu ya bima za Blue Cross. Tazama vizuri shabaha yake. Uliwasaidia walimu, hilo halina ubishi. Lakini ulibuniwa kwanza ili kuiokoa hospitali.

Mwaka 1932 kamati ya wataalamu iliyochunguza gharama za matibabu ilipendekeza kwamba madaktari wafanye kazi kwa vikundi, na wananchi walipe kwa pamoja kabla ya kuugua. Chama cha Madaktari kiliyapinga mapendekezo hayo kwa ukali. Palipotokea madaktari waliokubali kuajiriwa na ushirika wa wafanyakazi wa serikali mjini Washington, chama kiliwaandama na kuwafungia milango ya hospitali. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na mwaka 1943 mahakama ilithibitisha kwamba chama kilikuwa na hatia ya kuzuia biashara kinyume cha sheria.

Vita Kuu ya Pili ikaleta mwelekeo mwingine. Mwaka 1942 serikali iliweka udhibiti wa mishahara. Matajiri waliohitaji wafanyakazi, nao hawakuruhusiwa kupandisha mishahara, walitumia bima ya matibabu kuwa chambo. Sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikaimarisha utaratibu huo kwa kutoitoza kodi bima inayotolewa na mwajiri. Tangu hapo afya ya Mmarekani ikafungwa kwenye kazi yake. Akifukuzwa kazi, hupoteza mshahara na daktari kwa siku moja.

Rais Harry Truman alipolipelekea Bunge mwaka 1945 wazo la bima ya taifa kwa wote, Chama cha Madaktari kilitangaza vita. Kila mwanachama alitakiwa kutoa dola 25. Iliajiriwa kampuni ya propaganda ya Whitaker na Baxter, na mwaka 1949 zilitumika zaidi ya dola milioni moja kuwatia wananchi hofu kwamba bima ya taifa ni ukomunisti, na kwamba daktari atageuzwa karani wa serikali. Mpango wa Truman ukafa.

Hapo pana kinaya kikubwa cha historia hii. Madaktari walipigana ili wasiwe makarani wa serikali. Vita hiyo waliishinda. Lakini kwa kushinda kwao waliacha uwanja mtupu, na uwanja mtupu haukai bila mwenyewe. Walioingia ni makampuni ya bima.

Mwaka 1965 na mavuno yake

Tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya Medicare, bima ya wazee, na Medicaid, msaada wa matibabu kwa maskini. Hii ilikuwa hatua kubwa, nasi hatuna sababu ya kuidharau. Pamoja na kuwapa wazee matibabu, sheria hiyo ilisaidia kuvunja ubaguzi wa rangi hospitalini, maana hospitali iliyowatenga wagonjwa weusi haikuweza kupokea fedha za Medicare.

Lakini ili kuwatuliza madaktari, serikali ilikubali kuwalipa kwa kila tendo, na kwa kiwango ambacho wao wenyewe walikiita cha kawaida. Kwa hiyo waliokuwa wameipinga sheria hiyo ndio walioneemeka nayo. Vipato vilipanda, gharama zikapanda, na bajeti ya taifa ikaanza kulia. Kila mlipaji, serikali na kampuni ya bima, akaanza kutafuta kamba ya kumfunga mlipwaji.

Kamba hizo zilikuja moja baada ya nyingine. Mwaka 1973 Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria ya kuyasaidia mashirika yanayotoa matibabu kwa malipo ya mbele. Mwaka 1983 Medicare iliacha kuzilipa hospitali kwa gharama walizozitaja, ikaanza kulipa kiasi maalumu kwa kila aina ya ugonjwa. Mwaka 1992 kilianza kutumika kipimo kipya cha kuwalipa madaktari, kilichotokana na utafiti wa William Hsiao wa Chuo Kikuu cha Harvard: kila tendo la daktari likapewa pointi, na kila pointi ikawa na bei.

Shabaha ya Hsiao ilikuwa njema. Alitaka kazi ya kufikiri na kuzungumza na mgonjwa ithaminiwe zaidi karibu na kazi ya kupasua na kuingiza mitambo. Lakini kamati ya kushauri juu ya pointi hizo, iliyoanza mwaka 1991, iliundwa na Chama cha Madaktari chenyewe, na ndani yake madaktari bingwa walikuwa wengi. Matokeo ni kwamba daktari wa kawaida wa familia, yule anayesikiliza, anayeuliza, anayemjua mgonjwa na mama yake na watoto wake, alibaki chini ya ngazi. Kukata kunalipa, kusikiliza hakulipi.

Muda wa daktari wageuka bidhaa

Katika miaka ya 1990 makampuni ya bima yalipata nguvu kubwa. Yalimfanya daktari wa familia kuwa bawabu: mgonjwa hawezi kumwona bingwa mpaka yeye aandike barua. Yalidai kibali kabla ya dawa fulani au kipimo fulani. Mwaka 1997 Bunge likaongeza kanuni ya kupunguza viwango vya Medicare kila matumizi yanapopita lengo, na mwaka 2002 viwango hivyo vilikatwa kwa karibu asilimia 5. Kwa miaka iliyofuata Bunge lilikuwa likiahirisha makato mengine, mpaka kanuni hiyo ilipofutwa mwaka 2015.

Sasa na tufikiri kama mhasibu wa zahanati. Bei ya tendo moja imewekwa na mtu mwingine, nayo haipandi. Kodi ya nyumba inapanda. Mishahara ya wauguzi na makarani inapanda. Afanye nini daktari? Njia iliyobaki ni moja tu: aongeze idadi ya matendo. Awaone watu wengi zaidi kwa siku, na kila mmoja ampe dakika chache zaidi kuliko zile zinazomtosha kusalimia na kuandika dawa. Hii ndiyo kanuni ile ile ya kiwanda. Bei ya kipande ikishuka, mfanyakazi hulazimika kufuma vipande vingi zaidi ili apate ujira ule ule.

Watafiti wameuonyesha upungufu huu kwa tarakimu. Mwaka 2003 ilikadiriwa kwamba daktari mwenye wagonjwa 2,500 angehitaji saa 7.4 kila siku kutoa huduma za kinga peke yake, kabla hajamgusa mgonjwa mwenye homa. Makadirio ya mwaka 2022, yaliyojumlisha na kazi nyingine zote zinazoshauriwa kitaalamu, yalifika saa 26.7 kwa siku. Siku ina saa 24. Kwa hiyo utaratibu wenyewe unamtaka daktari afanye jambo lisilowezekana, kisha unamlaumu kwa kutolifanya.

Juu ya hayo likaja karatasi, na baada ya karatasi ikaja kompyuta. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nchini Marekani zahanati hutumia kwa mwaka dola 82,975 kwa kila daktari katika kushughulika na walipaji wake. Katika jimbo la Ontario nchini Kanada, ambako mlipaji ni mmoja, gharama hiyo ilikuwa dola 22,205. Mwaka 2009 serikali ilitoa fedha za kuhimiza kumbukumbu za wagonjwa ziwekwe katika kompyuta. Utafiti wa mwaka 2016 ukakuta kwamba kwa kila saa moja anayokaa na mgonjwa, daktari hutumia karibu saa mbili nyingine kwenye kompyuta na kazi za mezani. Yule aliyeogopa kuwa karani wa serikali akawa karani wa makampuni.

Pamoja na kuupoteza muda wake, alizipoteza na zana zake. Mwaka 1983 madaktari watatu kati ya kila wanne walikuwa na hisa katika zahanati walizofanyia kazi. Mwaka 2018, kwa mara ya kwanza katika hesabu za Chama cha Madaktari, walioajiriwa walikuwa wengi kuliko wenye zahanati. Fundi amekuwa mfanyakazi wa mshahara, ingawa bado ana koti jeupe na gari zuri. Na kijana anayetoka chuoni huanza kazi akiwa na deni ambalo kwa kawaida hufika dola 200,000.

Mlango wa Seattle

Hapo ndipo tunapofika mwaka 1996. Mjini Seattle daktari Howard Maron, aliyekuwa daktari wa timu ya mpira wa kikapu ya SuperSonics, alianzisha pamoja na mwenzake zahanati iliyoitwa MD². Alikuwa ameona jinsi wachezaji wanavyotunzwa: daktari yuko karibu, muda upo, hakuna foleni. Akauliza kwa nini matajiri wengine wasiuziwe utunzaji huo. Zahanati hiyo ilikataa bima, ikaweka kikomo cha familia 50 kwa kila daktari, na ada yake ikawa maelfu ya dola kwa mwaka.

Mwaka 2000 huko Boca Raton, Florida, ilianzishwa kampuni ya MDVIP kwa ajili ya watu wa kipato cha kati cha juu. Ada yake ya mwanzo ilikuwa dola 1,500 kwa mwaka, na kikomo ni wagonjwa 600 kwa daktari. Tofauti na MD², madaktari wa MDVIP waliendelea pia kuidai bima kwa matibabu ya kawaida. Piga hesabu: watu 600 mara dola 1,500 ni dola 900,000 kwa mwaka, kabla ya kampuni kuchukua sehemu yake, na kabla ya dola moja ya bima kuingia. Daktari aliyekuwa akihema na wagonjwa 2,500 anapata fedha hizo kwa robo ya kazi ile. Nani atashangaa akihama?

Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilipochunguza jambo hili, iliwakuta mnamo Oktoba 2004 madaktari 146 tu wa aina hiyo. Ada zilianzia dola 60 mpaka dola 15,000 kwa mwaka, na wengi wao walikuwa wameanza katika miaka michache tu iliyotangulia, yaani miaka ile ile ya makato. Baadhi ya wabunge walikuwa wamelalamika kwamba ada hizi ni njia ya kuwatoza wazee mara mbili. Jibu la serikali la mwaka 2002 lilikuwa kwamba ada ni halali mradi isiwe malipo ya huduma ambazo Medicare imekwisha kuzilipia. Mlango ukabaki wazi.

Kutokana na historia hii tunaweza sasa kutaja sababu za kuhama kwa mpangilio wake. Kwanza, malipo kwa kila tendo yaliufanya muda wa kusikiliza usiwe na bei, na ada imeupa bei. Pili, walipaji wengi wamezaa makaratasi mengi, na ada ina mlipaji mmoja. Tatu, daktari aliyepoteza zahanati yake anauona udaktari wa ada kuwa njia ya kuipata tena. Nne, kipato: ada huingia hata mgonjwa asipokuja. Jambo hili la mwisho lilionekana wazi Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, ambapo watu wanaokwenda kwa madaktari walipungua kwa zaidi ya nusu. Zahanati za malipo kwa kila tendo zilikauka. Zahanati za ada ziliendelea kupokea. Tano, uchovu. Katika uchunguzi wa mwaka 2021 karibu madaktari 63 kati ya kila 100 walikuwa na dalili angalau moja ya kuchoshwa na kazi yao.

Waliobaki nje ya mlango

Mtu anayeziona sababu hizi hawezi kumhukumu daktari mmoja kirahisi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mtu asiyewahi kuona wagonjwa 30 kwa siku asiharakishe kumwita mwenzake msaliti. Daktari anayetaka nusu saa na mgonjwa wake anataka jambo jema. Ubaya haumo katika nusu saa ile. Umo katika swali: inatoka kwa nani?

Daktari wa watu 2,500 anapobaki na 600, watu 1,900 wanatafuta daktari mwingine. Madaktari kumi wakihama mjini, watu 19,000 wanagonga milango ya waliobaki. Waliobaki walikuwa wamekwisha kulemewa. Sasa wanalemewa zaidi. Na kila anayelemewa anapata sababu mpya ya kuhama naye. Hivyo tiba ya mmoja inakuwa ugonjwa wa wengi. Na waliobaki nje hawatokani na matabaka yote sawasawa. Ni wale ambao dola 1,500 kwao ni kodi ya nyumba ya mwezi, na aghalabu ndio wenye maradhi mengi zaidi.

Mwaka 1971 daktari Julian Tudor Hart, aliyewatibu wachimba makaa ya mawe katika kijiji cha Glyncorrwg huko Wales, aliandika kwamba huduma nzuri ya matibabu hupatikana kinyume cha mahitaji ya watu, na kwamba jambo hili huzidi pale nguvu za soko zinapotawala zaidi. Hakuhitaji kuuona udaktari wa ada wa Marekani ili kuueleza. Alikwisha kuuona msingi wake.

Wako wanaojibu kwamba ipo aina nyingine, ya ada ndogo. Ni kweli, nayo inastahili kutazamwa kwa haki. Mwaka 2007, huko huko Seattle, daktari Garrison Bliss na wenzake walianzisha zahanati ya Qliance, iliyokataa bima na kutoza ada ndogo ya mwezi ili watu wa kawaida waimudu. Walikuwa na nia njema, na waliwapata wagonjwa wengi. Mwaka 2017 Qliance ilifunga milango. Aina hiyo bado inaendelea mahali pengi, na sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 imewaruhusu Wamarekani, kuanzia Januari 2026, kuilipia ada ya mpaka dola 150 kwa mwezi kutoka katika akiba zao za matibabu zisizotozwa kodi. Lakini ada hiyo humpa mtu daktari wa familia tu. Akivunjika mguu au akipatwa na saratani, bado anahitaji bima ya hospitali. Na asiye na akiba hana cha kusamehewa kodi.

Mtaji wamfuata mkimbizi

Daktari alikimbia makampuni. Je, ameyaponyoka? Mwaka 2009 MDVIP ilinunuliwa na Procter & Gamble, kampuni ya sabuni na nepi. Mwaka 2014 iliuzwa kwa wawekezaji wa Summit Partners, na mwaka 2021 ikaingia mikononi mwa Goldman Sachs na Charlesbank. Kampuni ya One Medical, iliyoanzishwa mjini San Francisco mwaka 2007 kwa ada ndogo ya mwaka, ilinunuliwa na Amazon mwaka 2023 kwa dola bilioni 3.9. Hata Massachusetts General mjini Boston, hospitali kongwe na yenye sifa, ilifungua mwaka 2016 zahanati ya ada ya dola 6,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo yule fundi aliyejidhania kuwa amerudi kwenye karakana yake amekuta jina la tajiri limeandikwa mlangoni. Leo kikomo ni wagonjwa 600. Mwenye mtaji anayetaka faida zaidi ana njia mbili tu: apandishe ada, au apandishe kikomo. Ya kwanza huwatoa nje wagonjwa wengine. Ya pili humrudisha daktari kule kule alikotoka.

Funzo kwetu

Msomaji anaweza kuuliza: yote haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu nasi tumo katika kulijenga jengo la bima, na mwenye busara hukagua nyufa za jirani kabla ya kupaka chokaa nyumba yake.

Tanzania ilijaribu zamani kulitatua suala hili kwa mlango uliofungwa. Sheria ya hospitali binafsi ya mwaka 1977 ilizuia udaktari wa faida wa mtu binafsi, na sheria ya mwaka 1991 ikauruhusu tena. Shabaha ya mwaka 1977 ilikuwa kwamba afya isiwe bidhaa, na shabaha hiyo haijachakaa. Lakini mlango uliofungwa peke yake hauondoi sababu zinazomfanya mtu atake kutoka. Daktari asiye na dawa, asiye na vifaa na mwenye mshahara usiotosha atatoka kwa mlango au kwa dirisha.

Baadaye tukaingia katika bima. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilipitishwa mwaka 1999, na mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tarehe 1 Machi 2024, bei mpya za mfuko zilipoanza kutumika, hospitali kadhaa za binafsi zilisimamisha huduma kwa wenye kadi, zikidai kwamba bei hizo haziwatoshi. Baada ya mazungumzo huduma zilirejea. Lakini kwa siku zile mwanachama aliyekatwa mchango wake kila mwezi alisimama na kadi mkononi asijue aende wapi. Huo ulikuwa mgogoro wa kipimo cha malipo, jamaa wa karibu wa migogoro tuliyoieleza hapo juu.

Kwa hiyo tunasema mambo manne. Mosi, bima inayolipa kwa kila tendo peke yake itamfundisha daktari kuhesabu matendo. Hapana budi kazi ya kusikiliza, kushauri na kukinga ilipwe kwa haki yake, hasa katika zahanati na vituo vya afya, ambako mwananchi hukutana na tiba kwanza. Pili, kila fomu anayojazishwa mganga iulizwe: inamsaidia mgonjwa au inamsaidia nani? Tatu, idadi ya watu wanaomtegemea mganga mmoja ihesabiwe, na iwe sehemu ya mpango, isiachwe iamuliwe na foleni. Nne, daktari asiogopwe wala asibembelezwe, ashirikishwe. Madaktari wa Marekani wa mwaka 1949 waliambiwa kwamba adui wao ni umma uliotaka kuwalipia kwa pamoja. Waliamini, na watoto wao wanalipa gharama ya imani hiyo.

Daktari wa Marekani anahama kwa sababu muda wake uliuzwa kwa vipande, naye sasa anataka kuuuza kwa jumla. Katika biashara zote mbili mgonjwa hupata kile kinachomudu mfuko wake. Muda wa kumsikiliza mgonjwa ni mali ya jamii iliyomsomesha daktari. Jamii isipoupanga muda huo kwa mahitaji, soko litaupanga kwa ada.